Divai ya Kabungu haina zabibu

Wadau, nimerudi. Wale mlioniandikia mkiuliza kama nimefukuzwa kazi, bado sijafukuzwa. Nilikuwa Mpanda, na ukishatoka mjini mtandao unakuja na kuondoka kama umeme wa zamani.

Safari yenyewe haikuwa ya kikazi. Binamu yangu alikuwa anaoa Kabungu, wilaya ya Tanganyika, ile tuliyozoea kuiita Mpanda vijijini. Nikapanda basi Tabora, nikapita Koga na Inyonga, na siku hizi njia hiyo ni lami. Wazee watakumbuka enzi ambazo ukisema unakwenda Mpanda watu wanakupa pole. Zaidi ya hapo kulikuwa na treni ya tawi kutoka Kaliua, reli ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya mgodi wa risasi, si kwa ajili ya binamu wa mtu yeyote. Mgodi ulikufa, reli ikabaki.

Basi bwana, nimekaa Mpanda mjini nakula ugali kwa migebuka, nasubiri usafiri wa Kabungu, simu ikalia. Rafiki yangu wa Dar amenitumia picha za mkoa fulani wa divai huko Ulaya. Vilima vya kijani, watu wamevaa mataulo meupe kwenye maji ya moto, wengine wanatembea kando ya mto wakiwa na glasi mkononi. Chini ameandika: "Twende kabla hatujazeeka." Nikapiga hesabu ya viza, tiketi, hoteli na mataulo. Mshahara wa mwandishi mnaujua.

Lakini picha zile zilinikaa kichwani, na kwa siku tisa nilizokuwa huko nikawa natembea nikilinganisha. Hoja yangu leo inatoka hapo, na najua baadhi yenu mtanicheka. Kila kilichokuwa kwenye picha zile kipo Katavi. Hata divai ipo.

Nianze na hiyo divai, maana ndiyo mtakayobishia.

Siku ya tatu, harusi ikiwa imeisha na wageni bado wapo (harusi za kwetu zinaisha lakini wageni hawaishi), baba mdogo alinipeleka kwa mama mmoja anayetengeneza wanzuki. Kwa msiojua, wanzuki ni pombe ya asali. Asali inachanganywa na maji ya uvuguvugu, inatiwa chachu iliyobaki kutoka pombe iliyopita, inawekwa mahali penye joto siku kadhaa. Basi. Hakuna kiwanda. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanitazama viatu, akamuuliza baba mdogo, "Huyu mtoto wa Dar ataiweza?" Akanimiminia kwenye kikombe cha plastiki kutoka kwenye jagi.

Mimi si mtaalamu wa kuonja vitu. Lakini nimehudhuria hafla za kutosha mjini, zile ambazo mtu anakuzungushia glasi puani na kukwambia ananusa matunda ya msituni, kwa hiyo nikajaribu na mimi. Wanzuki ule ulikuwa na utamu mwanzoni, halafu uchachu, halafu moshi kidogo mwishoni. Nikauliza moshi unatoka wapi. Mama akasema asali hii ilirinwa usiku kwa moshi mwingi, mrinaji alikuwa mwoga. Akasema pia kwamba asali ya msimu mwingine, miti mingine ikichanua, inatoa pombe ya rangi nyingine, na kwamba yeye akionja anajua imetoka upande gani wa msitu.

Jamani. Wafaransa wana neno zima kwa ajili ya jambo hilo, la kwamba kinywaji kinabeba ladha ya udongo wake, na wameandika sheria za kulilinda. Huyu mama analijua bila sheria, analiuza kwa kikombe, na mgambo wakipita anaficha jagi.

Nisieleweke vibaya. Wanzuki unalewesha, na haukuandikwa nguvu zake popote. Kikombe cha leo si kikombe cha kesho. Nimeona wanaume wamelala chini ya mwembe saa nne asubuhi, na nimemsikia mke wa mmojawao. Lakini wanaolewa divai ya chupa nao wapo, tofauti ni kwamba wao wanarudishwa nyumbani kwa teksi. Tatizo la ulevi halijawahi kutufanya tuidharau zabibu. Asali ndiyo tunayoidharau, na nadhani ni kwa sababu mpikaji wake ni mama wa kijijini.

Hebu tazameni lugha yenyewe. Divai tumeipata kwa Kifaransa, mvinyo kwa Kireno. Wanzuki haukuletwa na meli. Na majirani zetu Waethiopia wana kitu hicho hicho, wanakiita tej, na mtu akifungua mgahawa wa Kihabeshi Washington, tej inakaa kwenye orodha bila aibu na Wamarekani wanalipa. Ethiopia ndiyo ya kwanza Afrika kwa asali. Sisi tunatajwa wa pili. Wa kwanza wanajivunia pombe yao ya asali, wa pili tunaificha chini ya meza.

Haya, vilima. Ukitoka Mpanda kuelekea magharibi ardhi inaanza kuinuka na kushuka, miombo imefunika kila kitu, na ukiendelea hatimaye unafika Milima ya Mahale, yenye kilele cha Nkungwe, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika limelala chini yake. Sokwe wapo huko. Sitasema zaidi, picha ziko tele.

Spa je? Hapa niwape kituko. Neno lenyewe ni jina la mji mdogo Ubelgiji wenye chemchemi. Na Wabelgiji hao hao walikuja kujenga kituo chao Karema, kwenye mwambao wa ziwa, mwaka 1879, kabla ya kukiacha kwa mapadri wa White Fathers mwaka 1885. Walitoka kwenye nchi ya Spa, wakaja kuishi kwenye mkoa wenye chemchemi zake, na sijui kama kuna aliyewahi kuwapelekea taulo. Chemchemi ninayoizungumzia iko Mpimbwe, kusini ya hifadhi, kwenye kijiji kinachoitwa, bila kuhangaika kutafuta jina, Majimoto. Bonde la Rukwa ni sehemu ya bonde la ufa. Maji yanazama kwenye nyufa, yanapata joto huko chini, yanarudi juu. Na hayarudi mikono mitupu: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya utafutaji walitangaza kwamba bonde hilo la Rukwa lina gesi nyingi ya heliamu, na chemchemi ni mojawapo ya mahali gesi hiyo inapojitokeza. Dunia nzima ikaandika. Nilipofika mimi hakukuwa na dunia, kulikuwa na vijana wanafua. Nikavua viatu, nikatumbukiza miguu, nikaitoa haraka, nikairudisha polepole. Kijana mmoja akaniuliza, kwa huruma kabisa, "Kaka, unaumwa mgongo?" Kwake mtu mzima haji kwenye maji yale bila ugonjwa.

Sasa mto, na hapa ndipo ninapoacha utani.

Mto Katuma unaanzia kwenye nchi ya juu upande huu wetu wa Mpanda, unashuka, unapita Sitalike na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unajaza mbuga na ziwa Chada, kisha maji yanaendelea kwa mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa miaka ya 1990 hadi kilomita za mraba 4,471. Jina inalitoa kwa Katabi, ambaye wenyeji wanasema roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka pale. Ukisimama darajani Sitalike kiangazi unaona viboko wamebanana kwenye dimbwi mgongo kwa mgongo, wanagombana, wananuka. Watalii wanalipa fedha nyingi kuona hilo. Mimi nililiona kwa miguu yangu, nikiwa na mfuko wa karanga.

Lakini ulizeni kwa nini wamebanana. Sehemu ni kiangazi tu, siku zote imekuwa hivyo. Sehemu nyingine si hivyo. Watafiti wamekuwa wakiandika tangu miaka ya 2000 kwamba maji ya Katuma wakati wa kiangazi yamepungua mno, na kati ya sababu walizotaja ni mabwawa na mifereji ya kumwagilia mpunga juu ya hifadhi, pamoja na ukataji wa miti kwenye vyanzo. Anayelima mpunga si mhalifu. Harusi ya binamu yangu ililiwa wali wa huko huko, na niliongeza sahani. Ndiyo maana sipendi makala zetu za mazingira ambazo zina mwanakijiji mbaya na tembo mzuri. Hata hivyo kiboko mmoja mwenye kiu na mkulima mmoja mwenye watoto sita wanakunywa mto mmoja, na anayepaswa kugawa maji hayupo pale.

Na wanzuki nao uko hapo hapo. Asali inatokana na maua ya mitundu na miyombo. Miti hiyo ndiyo inayokatwa kukaushia tumbaku, maana tumbaku ya mvuke inataka kuni nyingi. Hata warinaji wa zamani wana dhambi yao, mzinga wa gome unauondoa uhai mti uliochunwa. Baba mdogo ana mizinga yake ya gome na miwili ya masanduku. Nilipomuuliza kwa nini asihamie kwenye masanduku yote alinijibu, "Baba, nyuki hawajui kwamba ni ya kisasa." Halafu akanieleza bei ya mbao.

Ndipo ninapofikia rai yangu. Tunaambiwa utalii utaokoa msitu. Mimi nasema msitu utaokolewa na kitu ambacho mtu wa Kabungu anakipata kwa kuuacha umesimama, na kitu hicho lazima kimlipe kuliko tumbaku. Vijiji kadhaa vya wilaya hii hii, kwenye misitu ya Ntakata, vinalipwa fedha za hewa ukaa kwa kutunza misitu yao, na hilo ni jambo kubwa. Lakini fedha ile inakuja kwa kijiji. Kikombe cha wanzuki kinamlipa mama mwenyewe, leo, mkononi. Apewe leseni, apimiwe nguvu za kinywaji chake, afundishwe kukifunga kwenye chupa, na bado abaki yeye mwenye jina kwenye chupa.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ya Dodoma. Dodoma ndiyo nchi yetu ya divai hasa, zabibu zilipandwa na wamisionari miaka ya 1950, na mzabibu pale unavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa hawezi. Kulikuwa na kiwanda cha umma cha DOWICO, kikafa. Viwanda vingine vimekuja, na ushuru wa divai ya zabibu za ndani umewekwa chini sana kuliko ya nje ili kuvisaidia. Lakini mkulima wa Hombolo kwa miaka mingi ameuza zabibu, hakuuza divai, na mnunuzi asipokuja zabibu zinamwozea. Sitaki mama yule wa Kabungu ageuzwe muuza asali kwa ndoo ili mtu wa Dar atengeneze wanzuki wenye picha ya twiga.

Nilijaribu kuandika haya kama makala ya kulipwa. Mhariri mmoja, simtaji, alinijibu kwamba Katavi haiuzi, labda mamba awe amekula mtu. Basi nimeyaleta hapa.

Naongeza moja tu. Niliondoka Kabungu na chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa wanzuki, zawadi kwa yule rafiki yangu wa picha. Mama alinionya nisifunge sana. Nikafunga sana. Tulipopita Inyonga kizibo kiliruka, basi zima likanukia asali, na mzee aliyekaa mbele yangu akageuka, akajifuta shingo, akasema tu, "Bado changa hiyo." Nusu imefika Dar. Iko kwenye friji, kizibo nimelegeza. Rafiki yangu anakuja Jumamosi, nitamnywesha kwanza kabla sijamwambia imetoka wapi.