Damu ya Mbwa Mzazi: Ipi ya Kawaida, Ipi ya Hatari?

Askari mmoja wa Koboko alinisimulia habari za mbwa wake jike aliyezaa watoto sita. Siku ya pili damu nyekundu ilianza kumdondoka bila kukoma. Majirani wakasema, "Mwacheni, ndiyo desturi ya mzazi." Alipofikishwa kwa daktari wa mifugo mjini Arua, safari ya kilomita zaidi ya 50, fizi zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Mbwa akafa. Ndipo mke wa askari akakumbuka sumu ya panya aliyoitega ghalani.

Yatupasa basi tujifunze kutofautisha damu na damu.

Mbwa jike aghalabu huingia katika joto mara mbili kwa mwaka, akatokwa na damu kwa siku tisa hivi. Hiyo si hedhi kama ya mwanamke. Mishipa midogo ya mji wa mimba hujaa na kuvuja kabla mayai hayajatoka. Damu huwa kidogo, naye hula na kucheza kama kawaida. Lakini kwa kuwa mishipa imejaa, si wakati mwema wa kumpasua ili kumtoa kizazi. Afadhali kungoja miezi miwili au mitatu.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, damu ya mama huongezewa fibrinojeni, yaani kitu kinachofanya nyuzi za donge la damu. Vitu vingine vya kugandisha damu navyo huongezeka. Sababu ni kwamba kondo la kila mtoto hushikamana na mishipa ya mama kama mshipi, na likibanduka huacha jeraha. Maumbile humwekea mama akiba mapema, kama askari ajazavyo risasi mkobani kabla ya safari.

Kwa hiyo mzazi mwenye afya hatarajiwi kuvuja damu mfululizo. Majimaji ya kijani kibichi wakati wa kuzaa ni ya kawaida, na uchafu wa rangi ya kahawia hupungua wiki baada ya wiki. Damu nyekundu isiyokoma yaonyesha kwamba akiba ile imeharibiwa au imezidiwa. Huenda kondo limebaki tumboni. Huenda maradhi ya kupe yameziharibu chembe sahani za damu. Huenda amekula sumu ya panya, ambayo hulizuia ini kutengeneza vitu vya kugandisha. Sumu hiyo ina dawa, vitamini K, mradi mgonjwa awahishwe.

Wafugaji wa Doberman wazingatie pia ugonjwa wa kurithi uitwao von Willebrand. Mimba huweza kuuficha, kwani hukiongeza kile kilichopungua katika damu. Apimwe kabla ya kupandishwa.

Mama wa nyumbani, shika haya: mwogeshe mbwa dawa ya kupe kabla hajapandishwa, sumu ya panya iwe mbali naye, waache watoto wanyonye upesi, kwa maana kunyonyesha huukaza mji wa mimba, usimpe aspirini, kwani huzuia damu kuganda. Kila siku mfunue mdomo umtazame fizi. Zikipauka, usingoje ushauri wa majirani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa ile ile.