Wastani hauna breki
Na Mwana-Kilosa

Jumanne nilipanda basi Msamvu, Morogoro, kwenda Dodoma. Hatujafika hata Dumila, viti vya nyuma vikaanza: "Suka, kanyaga! Tunachelewa!" Suka akakanyaga. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kidogo, mshale wa spidi nauona vizuri. Ukapita 80, ukafika 100, ukaganda hapo. Mama aliyekaa jirani yangu alimvuta mwanawe kifuani akaanza kusali kwa sauti ya chini. Nyuma wakapiga makofi. Watu wazima wanamshangilia dereva avunje sheria, na wao wenyewe wamo ndani ya gari hilohilo! Siwaelewi, na safari hii siwanyamazii.

Nikainuka, nikamwomba dereva apunguze. Aliyenijibu ni kijana mmoja nadhifu wa kiti cha upande wa pili, simu mkononi. "Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, tupige hesabu. Morogoro hadi Dodoma ni kilomita 260. Tunatumia saa nne. Wastani wetu ni 65 kwa saa, na sheria inaruhusu basi 80. Sasa kosa la dereva ni lipi?" Basi zima likacheka na kumpongeza.

Wanaonisoma kila wiki wanaujua ugomvi wangu na wastani. Tulianza na ule wa mvua, mkulima wa Kongwa anapoambiwa msimu ulikuwa wa kawaida kumbe mvua yote ilinyesha kwa mkupuo, mahindi yakakauka shambani. Tukaenda kwenye wastani wa kipato, barua zikamiminika. Sasa umenifuata mpaka ndani ya basi.

Kijana wangu, hesabu yako ndiyo inayomfunga dereva wako. Chora grafu: saa mstari wa chini, kilomita mstari wa wima. Basi likitembea, mchoro unapanda. Kadiri unavyosimama wima zaidi ndivyo kasi ilivyo kubwa. Gairo tulikaa nusu saa watu wakila chipsi na kuku. Kupakia, kushusha na kuchimba dawa kukala robo saa nyingine. Muda wote huo mchoro umelala chali, kilomita haziongezeki. Toa dakika hizo 45, zinabaki saa tatu na robo. Gawanya 260 kwa hizo, unapata 80 kamili. Bado hujagusa vijiji, ambako Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari lisizidi 50. Tuseme vijiji vyote vilichukua nusu saa tu: ni kilomita 25. Zilizobaki ni 235 kwa saa mbili na dakika 45, yaani zaidi ya 85 kwa saa bila kupumzika, milimani na nyuma ya malori. Saa nne zako haziwezekani bila kuvunja sheria.

Haya si mambo ya juzi. Nicole Oresme, Mfaransa wa karne ya 14, alishachora kasi inavyobadilika muda ukienda, akaonyesha kwamba eneo lililo chini ya mchoro ndio umbali uliokwendwa. Mwaka 1638 Galileo akachapisha kazi yake juu ya vitu vinavyoanguka na kubingirika, jinsi kasi inavyoongezeka sawasawa kila muda unapopita. Leo wanafunzi wa sekondari wanafundishwa haya, wanayafanyia mtihani, kisha wanapanda basi na kupiga makofi.

Tuje kwenye breki, maana huko ndiko watu wanakofia. Dereva akiona mtoto barabarani, sekunde moja inapita kabla mguu haujafanya kazi. Kwa 80, basi limeshakwenda mita 22. Kwa 100, mita 28. Chukua breki nzuri, zinazopunguza kilomita 18 kwa saa katika kila sekunde. Basi la 80 linasimama baada ya mita kama 72 tangu mtoto aonekane. La 100 linahitaji mita 105. Sasa simama pale pale lilipotulia basi la kwanza, ulitazame la pili likifika: linapita hapo likiwa bado na kasi ya kama kilomita 65 kwa saa. Tofauti ilikuwa 20 tu kwenye mshale! Umbali wa kusimama kwa breki unakua kwa mraba wa kasi, na makofi hayaupunguzi hata shubiri moja.

Na tunanunua nini kwa hatari hiyo? Kilomita 20 kwa kasi ya 80 ni dakika 15. Kwa kasi ya 100 ni dakika 12. Dakika tatu, kwa watu waliokaa nusu saa wakisubiri chipsi.

Dereva hakunijibu neno. Simlaumu peke yake, kwa sababu chanzo kiko ofisini kwa tajiri wake. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ina mfumo wa VTS unaofuatilia mwendo wa mabasi. Lakini ratiba hakuiandika dereva. Nyinyi wamiliki mnaoandika saa ya kufika, chukueni kalamu leo: toeni muda wa kula, toeni muda wa vijiji, gawanyeni kilomita kwa saa zinazobaki, halafu mtuambie hadharani mmemwagiza dereva wenu aendeshe kwa kasi gani.