Serva ya sindika: tuijaribu mbele ya kulipa

Bakamarade wa Kakontwe na wa Likasi yote, leo hatuzungumuze mushahara. Ni feza ya kotizasio yetu njo tunazungumuza.

Mwaka uliopita tulinunua serva ya okazio. Muuzaji alituambia: «Hii iko solide.» Kweli, watu wawili walitoka jasho kwa kuibeba. Lakini kijana wetu wa informatiki alipotaka kutia Debian, mashini haikuona disiki hata moja, na karti ya reso nayo ilikataa. Juma mbili tulibaki kuangalia sanduku. Feza haikurudi.

Kosa lilikuwa letu. Tuliuliza bei, tuliuliza nguvu ya prosesa, hatukuuliza kama ile mashini inapatana na Linux.

Wengine wanasema: basi mununue Windows, mambo yaishe. Hapana. Lisansi inakula feza. Linux iko tangu 1991, Debian tangu 1993, na mutu haombwi franga hata moja kwa kuitumia. Tunaendelea nayo, ila tuchague chuma yake vizuri.

Jambo la kwanza ni karti ya RAID, ile inayounganisha disiki. Kama inafungia disiki kwa namna yake yenyewe, siku inakufa utatafuta dada yake, na hapa Likasi utaipata wapi? Afazali karti ya kawaida inayoonyesha kila disiki peke yake, halafu Linux yenyewe iziunganishe kwa programu ya mdadm. Mashini ikiungua, unatoa disiki, unazitia mu mashini ingine yenye Linux, na dosie zinarudi. Kwetu hii njo kubwa kupita yote.

Karti za reso, kuna zile zinazoomba firmwari, ni kusema kaprogramu kadogo ka mwenye kuzitengeneza. Zamani ilibidi kukatafuta pembeni. Tangu Debian 12, ya mwezi wa sita 2023, firmwari nyingi ziko ndani ya disiki ya kuinstalea. Basi tusitumie kopi ya zamani inayozunguka mu mifuko ya watu. Na mashini ya bit 32 tuiache: Debian 13, ya 2025, haina tena disiki ya kuiinstalea.

Namna ya kujaribu ni nyepesi. Unaenda kwa muuzaji na kle ya USB yenye Debian inayowaka bila kuinstalea. Unawasha, unaandika lspci -nnk. Kila karti inatokea na namba yake, na chini yake jina la programu inayoiongoza. Mustari huo ukikosekana kwa disiki ao kwa reso, funga mufuko. Muuzaji akikatala usiwashe, umepata jibu.

Vumbi ya kariere yetu tunaijua, kuran inayokatika tunaijua pia. Onduleri iingie mu bei tangu mwanzo, na mashini isiyokula kuran nyingi inatosha. Hatuko benki.

Juu ya nini kelele hii yote? Juu ya kile kitakachokaa ndani. Kati ya 2003 na 2004, watumikaji 10.655 waliacha kazi ya Gécamines mu ile operasio ya kuondoka kwa hiari. Hata leo mama mujane anakuja na karatasi iliyoliwa na muchwa, anaomba tumuonyeshe miaka ya kazi ya bwana yake ili aende nayo ku CNSS. Tumeanza kupiga skani. Serva ikipotea, karatasi ya muchwa njo itabaki peke yake.

Komite inakutana siku ya posho. Tunaomba neno moja liandikwe ku bon ya kununua, mbele ya sinyatire ya muuzaji: kama Debian haione disiki na reso, mashini inarudi na feza inarudi.