Lenzi Kuukuu na Adabu ya Picha

Husemwa kwamba ya kale ni dhahabu. Mengine ni dhahabu kweli, na mengine ni kutu tu iliyong'arishwa na mapenzi yetu. Majuma mawili yaliyopita nilipata nafasi ya kuipima kauli hiyo kwa mikono yangu mwenyewe, nami naona wasomaji wa ukurasa huu wana haki ya kuelezwa niliyoyaona.

Sahibu yangu mmoja, mpiga picha wa magazeti aliyekwisha kustaafu, aliniachia lenzi aliyoifanyia kazi miaka mingi. Ni Nikkor ya milimita 105, lenzi ya kupigia picha za nyuso. Ukoo wake ulianza Japani katika miaka ya 1950, ukaingia katika kamera za Nikon F mwaka 1959, na hii yangu ni ya umbo lililotoka mwaka 1981. Ina uzito wa gramu 435 hivi, chuma na kioo vitupu. Haina mota wala waya. Pete moja waizungusha kulenga, pete ya pili waifungua au kuifunga njia ya mwanga, basi.

Sababu ya kuitwa lenzi ya nyuso ni nyepesi. Ukimsogelea mtu sana na simu, pua huvimba na masikio hukimbilia nyuma. Si kosa la mtu, ni kosa la umbali. Lenzi ndefu kama hii hukuruhusu usimame hatua mbili mbali naye, na bado uso wake ukajaa katika picha ukiwa na vipimo alivyopewa na Muumba wake.

Mpwa wangu, ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi, ana kamera ya kidijitali ya kisasa. Lenzi za Nikon za zamani zilikaa milimita 46.5 mbele ya filamu, na katika kamera hizi mpya za kampuni hiyo lenzi hukaa milimita 16 tu. Nafasi iliyobaki, milimita 30.5, huzibwa na kibomba kitupu cha chuma kisichokuwa hata na kipande cha kioo ndani. Tukaitia lenzi, ikakaa. Kijana akaichungulia kwenye mwanga, akanionyesha nyuzi za kuvu kwenye ukingo, ndwele ya lenzi zinazofungiwa katika mikoba ya ngozi kwenye unyevu wetu wa Pwani.

"Mjomba, hii imekula chumvi," akasema akicheka.

"Nami pia," nikamjibu.

Haja yangu haikuwa mchezo. Mamangu alifariki akiwa na picha moja tu, ile ya kitambulisho, na ndani yake hafanani na yeye niliyemjua. Amekazwa, amekodoa macho kama aliyeshtakiwa. Amebaki mdogo wake, mama yangu mdogo, ambaye sasa amepita miaka themanini, na uso wa mamangu nauona kwake kila anapocheka. Hofu yangu ilikuwa naye asije akaondoka vivyo hivyo.

Basi tukaenda kwake Mji wa Kale baada ya Alasiri. Nilimshika mkono, nikamwamkia, nikaeleza haja yangu. Aliutazama mkoba kabla sijaufungua.

"Picha hiyo itakwenda wapi?"

"Itakaa kwangu, Mama, ukutani."

"Na hizo simu zenu? Leo hapa, kesho Maskati, keshokutwa kwa watu nisiowajua."

"Haitaingia simuni."

"Wala gazetini kwako?"

Hapo nilisita, maana kusema kweli nilikuwa nimekwisha kuipangia mahali pake katika ukurasa huu. Akaniona nilivyosita. "Wala gazetini," nikasema.

"Basi fungua mkoba wako, mwanangu."

Alikaa karibu na dirisha, leso kichwani, na ukuta wa chokaa ukawa wamrudishia mwanga upande wa pili wa uso. Nilisimama kadiri ya mita moja na nusu. Umbali huo, njia ya mwanga ikiwa imefunguliwa yote, yaani 2.5, kina cha picha kinachotoka wazi ni sentimita 3 hivi, upana wa vidole viwili. Jicho likilengwa, sikio limekwisha kupotea. Akipumua tu, jicho nalo lahama. Kamera hizi mpya zina msaada wake: hukuza jicho katika kidirisha, na huchora mistari ya rangi palipokaa sawa. Hata hivyo mistari ile yaweza kukudanganya, ikakuonyesha ukope ukadhani ni mboni.

Nilipiga picha 31. Zilizotoka sawasawa zilikuwa 9, na karibu zote nilikuwa nimekwisha kuipunguza njia ya mwanga hadi 4. Nilipomweka dirisha likiwa nyuma yake, picha ilifunikwa na weupe kama ukungu wa asubuhi, kwani vioo vya zamani havivumilii mwanga wa usoni kama vya leo, na kuvu nayo ilichangia. Kisha mpwa wangu akatia lenzi yake mpya, ile inayolitafuta jicho yenyewe. Alipiga 31 kama mimi, na zote 31 zilitoka sawa. Hilo nalisema wazi ili kijana yeyote asiuze lenzi yake mpya kwa kusikia hadithi za wazee. Bibi harusi hatarudi kuingia mara ya pili ati kwa sababu wewe ulikuwa ukizungusha pete.

Hata hivyo, picha anayoipenda mama mdogo imo katika zile 9 zangu. Nilikuwa nimechelewa kulenga, naye akachoka kunikodolea macho, akaanza kunisimulia jinsi mamangu alivyokuwa akimficha chini ya mvungu alipokimbia chuo. Akacheka, nami nikabonyeza. Ndiye.

Niliporudi nyumbani nilikaa niandike kwamba lenzi ya zamani hufundisha adabu: hukulazimisha utulie, umngoje mtu, uzungumze naye, kama walivyofanya wapiga picha wetu wa studio, akina marehemu Omar Said Bakor wa Lamu. Nilikuwa nimefika nusu ya makala nilipokumbuka jambo lililonisimamisha kalamu.

Mwezi Desemba 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistani, Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Lenzi aliyoitumia ni Nikkor ya milimita 105, dada wa hii yangu, ya kuzungushwa kwa mkono vilevile. Picha ikatoka kwenye jalada la National Geographic mwezi Juni 1985, ikaujua ulimwengu wote, na ulimwengu wote ukaijua. Jina la msichana halikujulikana mpaka mwaka 2002, miaka kumi na saba baadaye. Anaitwa Sharbat Gula. Alipopatikana alieleza kwamba alikumbuka hasira yake siku ile, kwa kuwa yule mtu alikuwa mgeni kwake, naye hakuwa amepigwa picha kabla ya hapo.

Mwaka 2016 alikamatwa Pakistani kwa shtaka la kitambulisho cha kughushi, akarudishwa Afghanistani, na mwaka 2021 akapokewa Italia. Yeye mwenyewe amesema kwamba picha ile ilimletea taabu kuliko faida, ingawa alifurahi aliposikia kuwa ilisababisha wakimbizi wengi kusaidiwa. Simhukumu McCurry, ambaye alikuwa fundi wa kazi yake. Nasema tu kwamba lenzi ile ile, na utulivu ule ule, haukumwambia yule mtoto picha yake itakwenda wapi. Mama mdogo aliniuliza swali hilo kabla ya jambo jingine lolote, naye kusoma kwake ni kwa juzuu tu.

Kwa hiyo naifuta hoja yangu ya kwanza. Adabu haimo katika kioo. Ya zamani haileti, na mpya haiondoi.

Wanavyuoni wetu wamekhitalifiana juu ya picha yenyewe, nami sikukaa hapa kutoa fatwa. Lakini juu ya amana na sitara sijui khitilafu. Katika harusi zetu, upande wa wanawake, mama zetu na dada zetu huvua mabuibui kwa kuaminiana. Simu moja ikiinuka, mtu aliyejisitiri maisha yake yote huonekana na asiowajua kabla ya alfajiri. Wagonjwa hupigwa picha vitandani ati ili waombewe dua, na maiti nao hawajasalimika.

Na asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya wazee wa baraza tu. Katiba yetu ya mwaka 2010 yalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka 2019. Mwaka 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilizitoza faini za mamilioni ya shilingi shule moja, kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na nyumba moja ya starehe iliyotangaza picha ya mteja wake. Sheria imekuja nyuma ya swali la mama mdogo, lakini imekuja.

Basi nawaomba vijana wetu wa kamera, na sote wenye simu: kabla ya kufungua mkoba, mwambie mtu picha yake itakwenda wapi, ungoje jibu, na jibu likiwa la, liwe la. Na wenye wazee wangali hai, kawapigeni picha leo, kwa lenzi yoyote mliyo nayo, kwa idhini yao. Mimi kwa mamangu nilichelewa.

Kwa kuwa nimezoea kufunga kwa beti, nafunga:

Tambua picha amana, mwenyewe umuulize,
Sura ya mtu hazina, bure usiitangaze,
Ukipewa kuiona, sokoni usiiuze,
Haya ndilo letu shina, heshima tusipoteze.

Mhariri aliniuliza picha ya makala haya iko wapi. Nimempa picha ya lenzi. Ile nyingine iko ukutani kwangu, na mwenyewe amekwisha kuja kuiona.