Siku ya Tatu ya Idd na Chumba Kinachopitwa Haraka



Sikukuu ya Idd inapoangukia karibu na mwisho wa juma, familia nyingi hupata siku tatu au nne za mapumziko kwa mfululizo. Siku ya kwanza ina mwenyewe: sala, pilau, kuamkiana na kuwazuru wazee. Ya pili ni ya watoto, nao hupelekwa ufukweni au kwenye bembea. Ya tatu, mara nyingi, humalizikia mbele ya televisheni na simu. Safu hii leo inaiombea kazi siku hiyo ya tatu: wazazi wawachukue watoto wao wakazuru jumba dogo la makumbusho lililo karibu nao.

Tunasema jumba dogo kwa makusudi. Makumbusho makubwa ya mijini yana faida yake, lakini humchosha mtoto kabla hajauliza swali. Jumba dogo lina vyumba vichache, kiingilio chake kwa wenyeji si cha kutisha, na mwelekezi wake kwa kawaida ni mtu wa mji ule ule, anayeweza kusimama na mtoto mbele ya kitu kimoja kwa muda wote anaotaka. Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Kutazama huko si lazima kuwe kwa safari ya mbali.

Tuchukue mfano wa Bagamoyo, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam. Anzeni Kaole, kilomita chache kusini ya mji. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi kadhaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu, yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti ulio mkongwe zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Katika jumba dogo lililo hapo hapo vimehifadhiwa vigae vya vyungu na vya kaure ya China, ushahidi kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakifanya biashara na nchi za mbali karne nyingi kabla ya Mreno kuonekana baharini.

Hapo mzazi hahitaji kuwa mwanahistoria. Mwambieni mtoto aitafute kibla bila ya kumuuliza mtu. Ataiona mihirabu, nayo bado inaelekea kaskazini, huko huko anakoelekea yeye anaposali nyumbani. Mwonyesheni kisima, mumuulize kwa nini kimechimbwa karibu na msikiti. Akishajibu mwenyewe, atakuwa amefahamu kwamba waliolala pale walikuwa wakitia udhu na kupanga safu kama yeye. Mfundisheni pia adabu za mahali: tuwatolee salamu waliolala, tuwaombee kwa Mola wao, tusikalie makaburi wala kuyapanda kwa ajili ya picha. Na kigae kilicho chini kiachwe chini. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya nchi tangu mwaka 1964, na kabla ya sheria hiyo yalikuwa tayari ni amana.

Kutoka Kaole ingieni mjini. Katika eneo la misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, lipo jumba la makumbusho lenye picha za zamani, nyaraka na vyombo vya wakati wa misafara. Ndimo pia ilimo minyororo. Tumewaona wazazi wengi, Waislamu wenzetu, wakifika hapo wakaongeza mwendo. Mtoto huuliza, "Hii walifungwa nani?" naye huambiwa, "Twende, tutachelewa."

Tunaomba chumba hicho kisipitwe haraka.

Tunafahamu sababu ya haraka hiyo. Habari ya utumwa imesimuliwa mara nyingi kwa namna ya kuutwisha Uislamu mzigo wote, na mzazi huchelea mtoto wake asitoke mle akiionea haya dini yake. Lakini kunyamaza hakumlindi mtoto. Kunamwacha aipokee habari hiyo kwa mwingine, siku ambayo hatakuwa na wa kumuuliza.

Basi aelezwe ukweli ulivyo. Wapagazi wengi waliofika Bagamoyo na pembe za ndovu, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Lakini walikuwapo pia waliofika hapo wamefungwa. Ndiyo maana jina la mji lina maelezo mawili: wako wanaosema ni mahali ambapo mchukuzi hubwaga mzigo na kuutuliza moyo wake, na wako wanaosema ni mahali ambapo mateka hukata tamaa. Huko bara walikuwapo watawala waliowauza mateka wao wa vita. Huku pwani walikuwapo wafanyabiashara, na wengi wao walikuwa Waislamu. Walionunua walikuwamo wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba, na Wafaransa wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Hakuna katika hao wa kutetewa, wala hakuna wa kubebeshwa peke yake mzigo wa wote.

Kisha aelezwe dini yake imesema nini. Kumkomboa aliye utumwani kumetajwa katika Qur'ani kuwa ni sehemu ya njia ya mlima, njia ngumu ya wema. Kumkamata mtu huru na kumuuza ni katika madhambi ambayo Mtume (s.a.w.) ameyatolea onyo kali kabisa. Aliyefanya biashara hiyo huku akisali hakuifanya kwa idhini ya sala yake. Mtoto anayeambiwa hivyo hatoki na aibu. Anatoka na mizani.

Lakini mizani hiyo itatupima na sisi. Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza. Katika Tanganyika, hata hivyo, utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922. Mtu aliyezaliwa utumwani mwaka 1900 alikuwa na miaka 22 wakati huo, na wajukuu zake wanaweza kuwa hai hivi leo, tunasimama nao bega kwa bega katika safu moja. Pamoja na hayo, zipo nyumba ambazo posa ya kijana mwenye dini na tabia njema hurudishwa kwa mnong'ono: "Lakini mnajua asili yao?" Hakuna atakayelitamka neno lenyewe barazani, ila kila mtu amelisikia.

Mtume (s.a.w.) alimpa uongozi wa jeshi Usama, kijana ambaye baba yake, Zaid bin Haritha, aliwahi kuuzwa utumwani. Walikuwapo wakubwa walionung'unika, naye hakubadili uamuzi wake. Nyumba inayoikataa posa kwa sababu ya babu wa mposaji bado ina kipande cha mnyororo ule, hata kama haijawahi kukanyaga Bagamoyo.

Hii ndiyo faida tunayoitarajia katika siku ya tatu ya Idd. Jioni mkirejea, msiishie kwenye picha mlizopiga. Mwacheni mtoto akae na bibi au babu yake amuulize: Sisi tulifikaje hapa? Nani alikuja kwa jahazi, nani kwa miguu, na nani aliletwa? Kama nyumbani mna barua za zamani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, au msahafu wa babu ulioanza kuliwa na mchwa, vitoeni sandukuni, mvifunge vizuri, na mwandike pembeni ni vya nani na vilifikaje kwenu. Wazee wakiondoka, makaratasi hayo hubaki bila ya msomaji.

Na katika majibu ya bibi, likitoka jambo ambalo nyumba ilikuwa ikilificha, lipokeeni kwa heshima. Aliyefungwa hakutenda kosa lolote. Kizazi chake hakina cha kufichwa, na binti yenu akiposwa na mmoja wao, ulizeni dini yake na tabia yake, kisha muwape jibu.

Tunawatakieni Idd njema na safari ya salama. Wabillahi tawfiq.