Uchambuzi: Je, mwanariadha aweza kushinda bila nyama? Swali la Ulaya kwenye sahani ya Adumi

Katika miji ya Ulaya na Marekani, mtu anayeacha nyama, samaki, maziwa na mayai hufanya hivyo kwa hiari yake, na pengine hutumia fedha nyingi kuliko jirani yake anayekula kila kitu. Huko Adumi, kaskazini-magharibi mwa mji wa Arua kuelekea mpaka wa Kongo, mlo wa namna hiyo ni jambo la kawaida wala hauna jina. Asubuhi ni chai ya rangi, kama sukari ipo. Jioni ni enyasa ya unga wa muhogo, pamoja na maharage au majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim au karanga. Mbuzi yupo uani, lakini mbuzi huyo ni karo ya shule. Huchinjwa panapokuwa na msiba, harusi au sikukuu.

Kwa hiyo mjadala unaoendelea duniani, kwamba je, mlo wa mimea pekee hudhoofisha mwili wa mwanamichezo au huuimarisha, ukifika West Nile hubadilika sura. Hapa haumhusu mtu aliyechagua kuacha nyama, bali mtoto anayetakiwa kukimbia mita 1,500 kwenye mashindano ya shule akiwa amekula kile kilichokuwapo nyumbani.

Tuanze na ushahidi, kwa kuwa katika jambo hili maneno ni mengi. Mmarekani Carl Lewis alivunja rekodi ya dunia ya mita 100 mjini Tokyo mwaka 1991, kwa sekunde 9.86, na baadaye alieleza kwamba mwaka huo alikuwa akila mimea pekee. Mwenzake Scott Jurek, ambaye naye alikuja kuacha vyakula vyote vya wanyama, alishinda mbio za maili 100 za Western States mara saba mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2005. Mifano hii hutajwa sana, lakini haithibitishi mengi. Inaonyesha tu kwamba jambo linawezekana. Haionyeshi kwamba chakula ndicho kilicholeta ushindi.

Uzito zaidi umo katika utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2021. Vijana 38 wa kiume, nusu yao wakila mimea pekee na nusu wakila kila kitu, walifanya mazoezi ya kujenga misuli ya miguu kwa wiki 12. Wote walihakikishiwa kiasi kimoja cha protini, gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwishoni misuli na nguvu vilikuwa vimeongezeka kwa kiwango kile kile katika makundi yote mawili. Msikilizaji asisahau, hata hivyo, kwamba wale wa mimea waliongezewa unga wa protini ya soya ili kiwango hicho kitimie. Hawakuachiwa enyasa na mchuzi.

Karibu nasi zaidi ni Kenya. Watafiti waliowachunguza wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu, na kuchapisha matokeo mwaka 2004, walikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyoipata ilitokana na wanga, ugali na sukari vikiongoza. Sehemu kubwa mno ya chakula chao ilitoka shambani. Nyama ilikuwa kidogo. Lakini maziwa yalikuwamo, hasa ndani ya chai, na hapo ndipo wanaosema kwamba mabingwa wa Kenya hula mimea pekee wanapokosea. Nchini Ethiopia nako, waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga vyakula vya wanyama kila Jumatano na Ijumaa, na siku 55 za Kwaresima, na nchi hiyo haijapungukiwa medali.

Arua yenyewe ina shahidi wake. Dorcus Inzikuru, mzaliwa wa Vurra, alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mjini Helsinki, Agosti 2005, kwa dakika 9 na sekunde 18.24. Sitadai kujua alichokula siku hiyo. Najua tu kwamba alitoka katika nchi ya enyasa.

Ikiwa ni hivyo, mbona tusitulie na kusema kwamba sahani ya Adumi inatosha? Kwa sababu neno "mimea" linaficha tofauti kubwa. Sahani ya bibi zetu ilikuwa na ulezi na mtama kwa wingi. Ya leo imetawaliwa na muhogo, kwa kuwa muhogo huvumilia ukame na udongo uliochoka. Unga wa muhogo una protini ya takriban gramu 2 tu katika kila gramu 100, ilhali wa ulezi una karibu gramu 7, na miongoni mwa nafaka ulezi ndio unaoongoza kwa kalsiamu. Familia inayopunguza maharage mwezi wa uhaba bado inakula mimea pekee, lakini mlo wake si ule uliopimwa Brazil.

Upungufu mwingine ni wa vitamini B12, ambayo kwa kawaida haipatikani katika mimea. Ini huweka akiba yake kwa miaka, hivyo dalili huchelewa. Wala mimea wa Ulaya humeza vidonge na suala likaisha. Ukubwa wa tatizo letu, kwa maoni yangu, uko kwenye madini ya chuma. Chuma cha maharage na mboga za majani mwili hukipokea kwa shida kuliko kile cha nyama, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzidi kukizuia. Bila chuma damu haibebi hewa ya kutosha kwenda kwenye misuli, na mkimbiaji huishiwa pumzi huku moyo wake ukiwa tayari kuendelea. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina sehemu yao katika hesabu hiyo. Lakini msichana aliyekwisha kupata hedhi, anayefanya mazoezi kila siku na kula muhogo, anapoteza damu kwa njia ambazo kaka yake hazijui, na kocha humwita mvivu.

Dawa yake si lazima iwe ng'ombe. Muziri wa Ziwa Albert na mukene waliokaushwa huuzwa sokoni Arua na Koboko kwa vikombe, na kiganja kimoja ndani ya mchuzi wa karanga hubadilisha hesabu ya chuma na B12. Kumbikumbi wa msimu wa mvua nao wana mafuta, protini na chuma. (Mla mimea wa London angewakataa, kama angekataa asali yetu pia.) Embe likiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kukipokea chuma, na embe West Nile huoza chini ya miti. Chai isubiri saa moja baada ya chakula.

Kuna wasioweza hata kuchagua hayo. Katika kambi za wakimbizi za Bidi Bidi, Rhino na Lobule, posho kwa miaka mingi imekuwa nafaka, maharage, mafuta ya kupikia na chumvi, na imepunguzwa mara kadhaa tangu 2020. Ni mlo wa mimea pekee uliopangwa ofisini, na vijana wanaoula ndio wanaojaza viwanja vya mpira jioni.

Na kuna chakula cha mchana shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaliweka jukumu la kumlisha mwanafunzi mikononi mwa mzazi au mlezi. Mahali ambapo wazazi wamekubaliana kuleta mahindi na maharage, sufuria huwekwa mekoni. Pasipo na makubaliano, mtoto hushinda na njaa, na siku ya mashindano ya wilaya hupangwa mstarini saa sita mchana, jua la utosi, akiwa hajala kitu tangu enyasa ya jana.