Sataranji: Vichwa Tunavyo, Nafasi Hatuna

MATOKEO ya mashindano ya sataranji ya kumtafuta bingwa wa Afrika, mchezaji mmoja mmoja, yana funzo kwetu sote. Mwaka 2016 mashindano hayo yalifanyika kwa jirani zetu, mjini Kampala, na taji likaenda Misri mikononi mwa Abdelrahman Hesham. Wamisri wenzake, Bassem Amin na Ahmed Adly, nao wamelitwaa kila mmoja zaidi ya mara moja.

Wako wanaosema kwamba huu ni mchezo wa watu wa Kaskazini. Sisi hatukubaliani nao. Mwaka 2007, mjini Windhoek, Robert Gwaze wa Zimbabwe alitawazwa bingwa. Mwaka 2014, mjini humo humo, taji lilikwenda kwa Kenny Solomon, aliyekulia Mitchells Plain, mtaa wa wanyonge huko Cape Town. Kwa ushindi huo alipata cheo cha bingwa mkuu, wa kwanza nchini mwake. Naye Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala, alianza kufundishwa na Robert Katende wakati kwao hata ada ya shule ilikuwa shida. Mwaka 2012 alijipatia cheo cha kimataifa katika Olimpiki ya sataranji mjini Istanbul.

Kwa hiyo tofauti haimo vichwani. Imo katika kufundishwa, kushindanishwa na kusafirishwa.

Hapa Kibaha vichwa tunavyo. Apitaye vijiweni jioni, Tangini au kwingineko, huwakuta wazee kwenye bao na vijana kwenye drafti ya vizibo vya chupa. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina vipande 32 na vyumba 64. Anayeweza kuhesabu kete hadi mzunguko wa tatu hashindwi kujifunza mwendo wa farasi.

Wapo watakaouliza: shule zina upungufu wa madawati, sataranji ya nini? Swali hilo ni la haki, na hatusemi dawati lingoje. Lakini ubao wa sataranji huchorwa juu ya boksi, na vizibo vikiandikwa majina hutosha kuwa jeshi zima. Kinachohitajika ni mwalimu mwenye moyo, saa moja kwa wiki baada ya masomo, na mashindano ya shule kwa shule kila mwaka. Shirika la Elimu Kibaha, lenye chimbuko katika mradi ulioanza mwaka 1963, lingefaa kuongoza njia. Wasichana nao wasiachwe nyuma.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini hatunzwi asiyepewa nafasi ya kucheza. Watoto wetu wapewe nafasi hiyo sasa.